Kufuli Lilikuwa Zima: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Bima ya Vyombo vya Muziki

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu kukatia bima vyombo vya muziki dhidi ya wizi na uharibifu. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na nyingi zinaulizia jambo moja kwa njia tofauti, kwa hiyo tumechagua sita. Anayejibu alipiga gitaa la besi ujanani kabla ya kuingia katika kazi ya kukadiria hasara kwa niaba ya kampuni za bima, na tangu hapo amekagua vyombo vilivyoungua, vilivyolowa na vilivyotoweka kuliko alivyowahi kuvipiga.

Ndugu Mshauri, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mhazini wa kwaya ya vijana katika usharika mmoja hapa Moshi. Mwezi uliopita tulikuta chumba cha vyombo kitupu: kinanda, mashine ya kuchanganyia sauti, amplifaya mbili na vipaza sauti vyote vimekwenda. Usharika una bima ya wizi kwa mwaka wa nne sasa, na ada hulipwa kila Januari bila kukosa. Kampuni imetuandikia kwamba haitalipa kwa sababu hapakuwa na dalili ya kuvunjwa. Kufuli lilikutwa mlangoni likiwa zima. Je, kuibiwa si kuibiwa?

Amina. Katika mazungumzo ya kawaida kuibiwa ni kuibiwa, lakini katika mkataba mlionunua sivyo. Bima ambayo watu wengi huiita ya wizi kwa kweli ni bima ya wizi wa kuvunja, na kifungu chake cha kwanza hueleza kwamba mali italipwa ikiwa mwizi aliingia ndani ya jengo, au alitoka humo, kwa kutumia nguvu inayoacha alama. Mtu aliyeingia kwa ufunguo, awe ameupewa, ameuokota au ameuchonga, kwa maana ya kifungu hicho ameingia kama mwenyeji.

Niliwahi kutumwa Morogoro kwa shauri linalofanana na lenu karibu kwa kila kitu. Ukumbi ulikuwa umefungwa, kufuli zima, bendi imebaki na viti vya plastiki na waya mmoja wa spika. Niliomba funguo zote za mlango ule zikusanywe, nikazipanga mezani juu ya karatasi nyeupe. Zilikuwa tatu. Ya tatu ilikuwa na kitu cheupe kilichokauka katikati ya meno yake, nacho nilipokikwangua kwa ncha ya kalamu kilikuwa sabuni ya kipande. Mtu alikuwa ameukandamiza ufunguo ule kwenye sabuni ili apate umbo la kwenda kumchongeshea fundi. Niliandika hayo yote katika ripoti nikidhani ninawasaidia wenye vyombo, kumbe nilikuwa nimethibitisha kwamba mlango haukuvunjwa. Hawakulipwa hata shilingi.

Hata hivyo barua yenu ina pengo ambalo ningependa mlijaze kabla hamjakata tamaa. Hamkusema asubuhi ile mliufungua mlango kwa ufunguo wenu au mlimwita fundi. Wezi wenye subira hukata kufuli la zamani, hubeba mali, kisha hufunga kufuli jingine la aina ileile ili mlinzi anayepita na tochi asishtuke. Lichukueni kufuli lile mlijaribu kwa funguo zenu zote mbele ya askari au kiongozi wa usharika. Ikiwa hakuna hata mmoja unaolifungua, basi kufuli mlilokuwa nalo lilikatwa, na hiyo ni dalili ya kuvunja ambayo kampuni haiwezi kuipuuza. Kagueni pia juu. Misumari ya bati iliyong'olewa na kurudishwa huwa na mng'ao mpya kichwani, na ubao wa dari uliosukumwa huacha vumbi sakafuni. Mwisho, ulizeni ni nani aliyefunga jengo baada ya ibada ya jioni, kwa sababu mtu akijificha ndani na kutoka kwa kuvunja dirisha, mikataba mingi humhesabu sawa na aliyeingia kwa kuvunja.

Mkipata chochote kati ya hivyo, kipelekeni kwa kampuni kwa maandishi pamoja na namba ya RB mliyopewa polisi, na muwatake wataje kifungu wanachokitegemea kukataa. Kampuni ikishikilia msimamo wake, mnaweza kulipeleka lalamiko katika Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo iliwekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya migogoro kama hii, au kulifikisha kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Januari ijayo msihuishe mkataba huohuo. Ombeni bima inayoitwa ya hatari zote, ambayo hulipa kwa wizi wa aina yoyote na kwa uharibifu wa ajali isipokuwa kwa yale yaliyotajwa kuwa nje yake, na mdai orodha ya vyombo iambatanishwe, kila chombo kwa jina, namba na bei. Ni ghali zaidi. Ikiwa mnahofia kwamba mkono uliochonga ufunguo ni wa nyumbani, iko pia bima ya uaminifu ambayo hulipa mali inapoibwa na watu waliokabidhiwa, ila waambieni wazi kwamba walinzi wa vyombo vyenu ni wanakwaya wanaojitolea, kwa sababu mkataba wa kawaida wa aina hiyo humtambua mwajiriwa mwenye mshahara peke yake.

Mimi ni mpiga gitaa la solo katika bendi ya dansi jijini Dar es Salaam. Mkurugenzi wetu husema vyombo vyote vya bendi vina bima, lakini gitaa ninalolipiga ni langu mwenyewe, nililinunua kwa mtu pale Kariakoo miaka sita iliyopita bila risiti. Likipotea nitalipwa? Na je, naweza kulikatia bima yangu?

Swali lako lina mizizi mirefu katika muziki wetu. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, vyombo vilikuwa vya chama na wanamuziki walikuwa waajiriwa wake. Mlimani Park nayo, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na ndiyo maana watu huiita DDC mpaka leo. Mwanamuziki alikuwa na kipaji, mwenye vyombo alikuwa na vyombo. Mwanamuziki akihama bendi, aliondoka na nguo zake na sauti yake, gitaa likabaki jukwaani likimngoja mwingine. Bendi za leo zimechanganya mambo, baadhi ya vyombo ni vya mkurugenzi na vingine ni vya wapigaji, lakini karatasi za bima bado zinaandikwa kana kwamba tuko enzi zile za mwenye vyombo mmoja.

Kampuni ya bima humlipa mtu ambaye kupotea kwa mali kunamtia hasara, na jambo hilo wanabima huliita maslahi ya kibima. Mkurugenzi wako hapati hasara gitaa lako likiibwa, kwa hiyo hata akikubali kuliongeza katika orodha yake kwa wema, kampuni inaweza kuuliza kwa nini anadai mali isiyo yake. Mwombe akuonyeshe ile orodha. Ukikuta gitaa lako limeandikwa kama mali ya bendi, lirekebishwe mapema liandikwe kwa jina lako, kwa sababu karatasi hiyohiyo inaweza kuja kutumika siku mtakapoachana kwa ugomvi, nawe huna risiti ya kujitetea.

Ndiyo, unaweza kulikatia bima mwenyewe. Kukosa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakukufungii mlango, ila kunakuongezea kazi ya kuthibitisha mambo mawili: kwamba gitaa ni lako, na kwamba lina thamani unayoitaja. Kwa la kwanza, mtafute aliyekuuzia ikiwa bado yupo, muandikishiane hati ya mauziano yenye tarehe halisi ya mauzo mbele ya mashahidi; ukilipa kwa simu siku ile, taarifa ya miamala kutoka kwa mtandao wako ni ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. Piga picha ya gitaa zima, kisha ya namba yake, ambayo kwa magitaa mengi ya umeme imo nyuma ya kichwa au kwenye bati linaloshika shingo na mwili. Piga pia picha ya kasoro zake, mkwaruzo ule wa mkanda na kile kipande cha rangi kilichobanduka, kwa kuwa magitaa mawili ya kiwanda kimoja hufanana lakini makovu hayafanani. Kwa la pili, muuzaji wa vyombo anayefahamika akuandikie barua ya thamani yenye muhuri wa duka lake.

Kisha uulize thamani itakayolipwa ni ipi. Mikataba ya kawaida hulipa thamani ya gitaa siku lilipopotea, yaani bei ya jipya ikipunguzwa kwa uchakavu, na kwa gitaa la miaka mingi mpiga hesabu anaweza kukuachia fedha ya kununulia mfuko wake tu. Mikataba mingine hulipa jipya kwa kikuukuu, yaani bei ya jipya bila kukata uchakavu. Ya tatu, ambayo kwa chombo cha zamani kinachopanda thamani ndiyo ninayoipendekeza, ni ya thamani iliyokubaliwa: mnaandika kiasi siku ya kwanza, na siku ya hasara hakuna ubishi.

Usifiche jambo lolote katika fomu ya maombi. Nimewaona wapigaji walioandika kwamba gitaa ni la kujiburudisha nyumbani kwa sababu ada yake ni nafuu, au waliolitia ndani ya bima ya vitu vya nyumbani pamoja na jokofu na kochi. Gitaa hilo likiibwa saa tisa usiku ukitoka kupiga, kampuni itauliza lilikuwa linajiburudisha wapi saa hizo. Sema kwamba unalifanyia kazi, sema unapiga siku ngapi kwa wiki na kwamba unarudi nalo nyumbani kwa bajaji. Na ukisoma kifungu cha gari lisilo na mtu, utaelewa kwa nini usiliache kwenye buti hata kwa dakika za kununua chipsi: mikataba mingi hailipi chochote kilichoibwa ndani ya gari lililoachwa peke yake usiku, na inayolipa hutaka gari liwe limefungwa, chombo kisionekane kwa nje na alama za kuvunjwa ziwepo.

Kinanda changu cha umeme kimeanza kukwama vibonye na ndani kuna kutu. Fundi anasema ni unyevu wa bahari. Nina bima ya hatari zote. Naweza kudai? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Neno hatari zote lina ukarimu kuliko mkataba wenyewe. Bima hulipa tukio la ghafla lisilotarajiwa. Kutu, unyevu wa polepole, mchwa, panya, uchakavu na nyuzi zinazokatika kwa kupigwa huhesabiwa kuwa gharama za kuwa na chombo. Umeme ni jambo jingine. Kinanda kikiungua kwa sababu umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, mikataba mingine hulipa na mingine hukataa kabisa uharibifu unaoanzia ndani ya mashine, kwa hiyo kama una amplifaya na vinanda vya thamani, ulizia bima ya vifaa vya kielektroniki, ambayo huuangalia umeme kwa jicho la huruma zaidi. Mafuriko nayo yatazamwe. Dar es Salaam ilipofurika Desemba 2011, na Nairobi mwaka 2024, walikuwapo watu waliokuwa na bima ya moto na kudhani maji yamo. Mara nyingi maji ni hatari ya nyongeza: huombwa na hulipiwa.

Shikamoo Mshauri. Mimi ni mama ninayekodisha spika na vyombo vya harusi huku Kisauni, Mombasa. Nina masikitiko mawili. Kwanza, niliibiwa usiku ghala likavunjwa, vitu vya shilingi laki nne vikaenda, na kampuni inataka kunipa laki moja na elfu themanini wakati bima yangu ni ya milioni nzima. Pili, kabla ya hapo kijana alikodi spika mbili akatokomea nazo, wakasema huo si wizi. Wananiibia au wananidanganya?

Marahaba mama, na pole kwa yote mawili. Nitaanza na la kwanza kwa kuwa ndilo linalowapata watu wengi, na sidhani kwamba umeibiwa mara ya pili, ingawa nakubali kwamba hesabu yake inauma.

Nakala ya tathmini uliyotutumia inaonyesha kwamba siku ya wizi vyombo vyako vyote ghalani vilikuwa na thamani ya shilingi milioni mbili, nawe ulivikatia bima ya milioni moja. Bila shaka ulifikiri kwamba wezi hawawezi kubeba kila kitu kwa usiku mmoja, kwa nini ulipie vyote? Kampuni hufikiri vingine. Husema kwamba kwa kulipia nusu ya thamani umekubali kuibeba nusu ya pili wewe mwenyewe, na kwamba mgawanyo huo unahusu kila hasara, kubwa au ndogo. Kwa hiyo laki nne hukatwa nusu, zikabaki laki mbili. Kisha yapo makato ya mwenye bima, yaani sehemu ya kila hasara ambayo mkataba unakuachia ubebe, na kwako ni asilimia kumi, sawa na elfu ishirini. Ndipo wanapofika kwenye laki moja na elfu themanini. Hesabu yao ni sahihi.

Ninalolilaumu ni lile wasilokwambia. Wakala aliyekuuzia bima hii alifika ghalani, akaziona spika zimepangwa hadi darini, akaandika milioni moja kwa sababu wewe ulisema milioni moja. Angeweza kukueleza kwa sentensi mbili. Andika barua ya kueleza jinsi kiasi hicho kilivyofikiwa na uipeleke kwa kampuni, na wasipokujibu vizuri, Mamlaka ya Kudhibiti Bima ya Kenya, IRA, hupokea malalamiko ya wateja. Sikuahidi kwamba kiasi kitabadilika, lakini mwenendo wa wakala ni jambo ambalo mdhibiti ana haki ya kulijua. Na kila unapoleta spika mpya, piga simu siku hiyohiyo iongezwe katika orodha. Wafanyabiashara wa kukodisha hununua kidogokidogo baada ya kila msimu wa harusi, na baada ya miaka mitatu ghala limekuwa kubwa mara mbili huku karatasi ya bima ikibaki ileile ya siku ya kwanza.

La kijana aliyetokomea ni gumu zaidi. Ulimkabidhi spika kwa mkono wako na kwa ridhaa yako, akashindwa kurudisha. Sheria ya jinai inaweza kumwita mwizi, na hakika ulifanya vyema kwenda kituoni ukaandikiwa namba ya OB, lakini mikataba mingi ya bima huwa na kifungu kinachoondoa mali iliyochukuliwa na mtu aliyekabidhiwa kwa kukodishwa, kwa hila au kwa kuaminiwa. Zipo kampuni zinazokubali kuiongeza hatari hiyo kwa wanaokodisha, kwa ada ya juu na kwa masharti: mkataba wa kukodisha uliotiwa saini, nakala ya kitambulisho kilichothibitishwa, fedha ya dhamana, na mara nyingine mfanyakazi wako kuandamana na vyombo. Sharti hilo la mwisho ndilo bora kuliko yote hata pasipo bima. Kijana wa mitambo anayelala karibu na spika zake arusini humgharimu tajiri chakula cha usiku na nauli.

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa udi hapa Mji Mkongwe, Unguja. Kikundi chetu cha taarab kimealikwa Muscat. Udi wangu umechongwa kwa mkono na hauna bei ya dukani. Shirika la ndege likiuvunja, litalipa? Na kuna bima isiyo na shaka ya riba?

Wa alaykum salaam, Maalim. Shirika litalipa, lakini huenda lisilipe udi. Safari za kimataifa kama yako zinatawaliwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao unaweka ukomo wa fidia ya mizigo kwa kila abiria. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo huo ni 1,519 kwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachoitwa SDR, ambazo ni takriban dola 2,000 za Marekani, na humo ndani imo mizigo yako yote, si udi pekee. Mkataba unaruhusu abiria kutamka thamani kubwa zaidi anapokabidhi mzigo na kulipia nyongeza ikiwa shirika linaitaka. Watu wachache hufanya hivyo kwa sababu wachache wanajua kwamba inawezekana. Ukiupokea udi ukiwa umevunjika, usitoke uwanjani kabla hujaandikiwa taarifa ya uharibifu, kisha lalamiko la maandishi lifike kwa shirika ndani ya siku saba tangu ulipoupokea mzigo. Siku ya nane mlango umefungwa.

Shirika pia lina haki ya kukataa uharibifu uliotokana na hali ya chombo chenyewe, na hapa udi unawapa hoja nzuri. Uso wake wa mbao ni mwembamba, na mvuto wa nyuzi zilizokazwa unatosha kuung'oa ubao ulionasa gundi vibaya, bila mtu yeyote kuugusa. Kabla ya safari legeza nyuzi, jaza kitambaa laini pande zote za shingo ili isicheze ndani ya sanduku, na sanduku liwe gumu, kwa kuwa karibu kila mkataba wa bima ya safari hutaka hivyo. Ikiwa shirika lako linauza kiti kwa ajili ya chombo, linganisha bei ya kiti na bei ya moyo wako. Wengi wetu tungelipa.

Bima yako mwenyewe ndiyo itakayojaza nafasi kati ya dola 2,000 na thamani halisi. Angalia kwanza mipaka ya nchi: mkataba unaosema Tanzania au Afrika ya Mashariki pekee unaishia pale ndege inapouvuka mpaka huo, na kuuongeza ufike Oman kwa wiki mbili ni ombi la kawaida ambalo linapaswa kuandikwa kabla ya kuondoka. Kwa kuwa udi wako hauna bei ya dukani, tumia ile njia ya thamani iliyokubaliwa niliyomweleza mpiga solo hapo juu. Barua ya fundi aliyeuchonga, au ya fundi mwingine anayeheshimika, ndiyo risiti yako. Ukipasuka kwa sababu ya ukavu wa kiyoyozi ukumbini, baada ya kuishi miaka yote katika unyevu wa Unguja, hiyo haitalipwa na yeyote, basi uweke ndani ya sanduku lake hadi dakika ya kupiga.

Kuhusu riba, unachokitafuta kinaitwa takaful: washiriki huchangia mfuko wa kusaidiana, na mwendeshaji hulipwa kwa kuusimamia badala ya kuumiliki. Kenya ilipata kampuni yake ya kwanza ya aina hiyo, Takaful Insurance of Africa, mwaka 2011, na Tanzania nayo imefungua njia kwa huduma hiyo. Masharti kuhusu kufuli, orodha na gari lisilo na mtu hayatofautiani sana na ya bima nyingine.

Niliibiwa kinanda mwaka juzi nikalipwa fidia. Wiki iliyopita polisi wamenipigia simu kwamba kimepatikana. Ni changu au cha kampuni? (Msomaji, Dodoma)

Ikiwa ulilipwa fidia kamili, ni cha kampuni. Kisa kinachosimuliwa sana katika fani hii ni cha Min-Jin Kym, mpiga fidla ambaye mwezi Novemba 2010 aliibiwa fidla ya Stradivarius ya mwaka 1696 akiwa katika mgahawa karibu na kituo cha treni cha Euston, London. Wezi walijaribu kuiuza kwa pauni 100. Kampuni ilimlipa pauni 750,000, kiasi kilichokuwa chini ya thamani ya soko, naye akanunua fidla nyingine. Mwaka 2013 polisi wakaipata ya kwanza ikiwa karibu nzima. Ili aipate tena alihitaji kurudisha fedha ambazo hakuwa nazo tena mkononi, na Desemba ya mwaka huo fidla ikapigwa mnada kwa pauni milioni 1.385. Aliyeipiga tangu ujana wake akabaki mtazamaji.

Kinanda chako si Stradivarius, na jambo hilo linakusaidia. Kampuni haina ghala la vinanda vya mitumba wala hamu ya kuvitunza, na mara nyingi hukubali kumuuzia mwenyewe kwa bei ndogo kuliko fidia aliyopokea. Soma hati ya kukiri malipo uliyotia saini mwaka juzi. Baadhi zina kifungu kinachokupa nafasi ya kwanza ya kukinunua. Yako isipokuwa nacho, ombi lako bado ni halali, ila liandike mapema na uambatanishe barua ya polisi. Nenda pia kituoni ukakitambue kwa namba na kwa alama zake, na umuulize mpelelezi kama kitahitajika mahakamani kama kielelezo, kwa sababu katika hali hiyo wewe na kampuni mtasubiri pamoja hadi kesi imalizike, na stoo ya kituo haina kiyoyozi wala haizibi vumbi.